Shangazi wa Ukurasa na Jibu Lililojituma Lenyewe

Saa moja na dakika ishirini asubuhi. Mlango wa ofisi iliyo chini ya ngazi bado una kufuli, lakini mwenye ofisi ameshaanza kazi zamani. Amesimama koridoni, mkoba begani, funguo kazibana kwa meno, na vidole gumba viwili vinakimbizana juu ya simu.

"Huyu anauliza kama mtihani wa leo umeahirishwa," anasema, maneno yakijipenyeza kando ya funguo. "Kila siku ya mtihani lazima aulize. Namjibu: haujaahirishwa, mwanangu, na wewe usijiahirishe. Amka ukaoge."

Anatuma. Anacheka peke yake. Hapo ndipo anapokumbuka kufungua mlango.

Ofisi ilikuwa stoo ya viti vibovu. Viti viliondolewa, vumbi lake likaachwa likae na mpangaji mpya. Dari inateremka kufuata ngazi, kwa hiyo mkubwa yeyote anayekuja kumkaripia inambidi ainame kwanza. "Hiyo ndiyo faida pekee ya hapa," anasema. Ndani mna meza moja, simu mbili, waya wa chaji uliofungwa kwa mpira, na kompyuta isiyowaka bila kubembelezwa.

Wanafunzi wanamwita Shangazi. Wengi hawajawahi kumtia machoni. Wanamjua kwa maandishi tu, kwa kuwa ndiye anayejibu kila anayeuliza kwenye ukurasa wa chuo kikuu katika mitandao ya kijamii. Ukurasa una wafuasi elfu thelathini na moja. Shangazi ni mmoja, ana miaka hamsini na miwili, na miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi wa kiatu.

Asubuhi hii zimeingia meseji arobaini na tatu.

"Shangazi, matokeo yangu yameandikwa hayajakamilika," mmoja ameandika, "na mimi mwenyewe najisikia hivyo hivyo."

Anamjibu: "Mwalimu wako wa somo la pili hajaleta alama. Namfuata saa tatu. Wewe jikamilishe kwa chai kwanza."

"Shangazi, nimekosa chumba, nije nilale kwako?"

"Kwangu kuna mume anakoroma mpaka majirani wanahama. Nenda bweni la tatu, mwambie mlezi umetumwa na mimi. Kitanda kipo, godoro usiulize."

Hivyo ndivyo anavyofanya kazi, na ukimtazama kwa dakika kumi utadhani hakuna mtu mwenye raha kumzidi katika jengo zima. Lakini ukae zaidi ya dakika kumi. Utaona kwamba kila baada ya muda anafungua droo ya meza, anatazama bahasha ya kaki iliyomo, kisha anaifunga tena kama mtu aliyeona mjusi.

Ndani ya bahasha mna karatasi moja inayosubiri sahihi yake. Leo ni Jumanne. Inatakiwa Ijumaa, saa nne asubuhi, mbele ya kamati.

Akiisaini, ajira yake iko salama. Asipoisaini, hana kazi.

*

Kazi aliyoajiriwa kwayo ilikuwa kupokea simu. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba cha opereta, vifaa masikioni, akiunganisha simu za chuo kizima. Wazazi walipiga kuuliza watoto wao, wadai walipiga kuuliza wahasibu, na kuna wakati, anasema, mzee mmoja alipiga kila Alhamisi kwa mwaka mzima akitaka kuongea na profesa aliyekwisha kuhama.

"Nilimwambia mara ya kwanza kwamba profesa kahama. Akasema sawa, basi nikusalimie wewe. Ikawa hivyo. Mimi nikawa profesa wake."

Simu za mkononi zilipoenea, chumba cha opereta kikafungwa. Shangazi akahamishiwa kugawa barua, kisha kugonga mihuri, kisha kukaa tu mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Wakati huo ukurasa wa chuo ulikuwa mikononi mwa kijana msomi aliyeweka zaidi picha zake mwenyewe kuliko matangazo ya chuo. Kijana alipopata kazi kwingine, ikasemwa Shangazi aushike ukurasa kwa muda, mpaka apatikane mtu.

Huu ni mwaka wa nne, na mtu huyo hajapatikana.

Ulikuwa wakati ambao chuo kiliamua kuwafuata wanafunzi huko huko mitandaoni. Mkuu wa Mawasiliano, mwanamume mpole anayevaa tai hata siku ya joto kali, alilipenda neno moja tu, nalo lilikuwa refu kuliko tai yenyewe: ushirikishwaji. Ushirikishwaji wa wanafunzi. Aliliweka kwenye ripoti, kwenye mabango, na kwenye maombi ya bajeti.

Madirisha ya huduma yakaanza kufungwa, moja baada ya jingine. Dirisha la kwanza la usajili. La pili la vyumba. La nne, la kadi za matibabu, lilishushiwa chuma na juu yake likabandikwa tangazo: Huduma hii sasa inapatikana kwenye ukurasa wetu. Tuandikie popote ulipo.

Na mpango huo lazima upewe haki yake, kwa sababu mwanzoni ulifaa. Foleni ya dirisha la nne ilikuwa ikianza kabla ya jua, na kuna binti aliyewahi kuzimia akiwa mtu wa tatu kutoka mbele. Aliyeko kwenye mafunzo kwa vitendo mbali na chuo aliweza sasa kuhudumiwa akiwa hajavuka hata barabara.

Kilichoufanya ufae, hata hivyo, hakikuwa ukurasa. Ilikuwa miguu ya Shangazi.

Hakuwa mtu wa kupeleka meseji ofisi husika na kungoja. Aliinuka na simu yake, akapanda ngazi, akasimama mbele ya meza ya ofisa na kusema, "Nina mwanangu humu ndani anakungoja." Kisha alibaki hapo hapo, akitabasamu, mpaka ofisa afungue faili. Wapo waliokuwa wakimwona anakuja wanakimbilia chooni. Aliwangoja nje ya choo.

"Nikisema leo, ilikuwa leo," anasema. "Wanangu wakazoea. Nikimwambia mtu tulia, anatulia kweli. Hiyo ndiyo dhambi yangu, kama ni dhambi."

Kwa kazi hiyo analipwa mshahara unaotosha, kwa hesabu yake mwenyewe, kodi ya vyumba viwili, nauli, dawa za mumewe na siku kumi na nane za chakula. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Mgongo ulimkataa, na huu ni mwaka wa sita hajashika usukani.

"Mwezi una siku thelathini," Shangazi anasema. "Hizo kumi na mbili zilizobaki usiniulize. Hata mimi sizielewi."

*

Mkataba wake ni wa miezi kumi na moja na nusu. Hiyo nusu ina maana yake. Mtumishi akitimiza mwaka mzima bila kukatika, chuo kinalazimika kumpa ajira ya kudumu. Kwa hiyo kila mwaka Shangazi hukatwa wiki mbili. Anarudi nyumbani, anakuwa si mtumishi, kisha anaitwa kusaini upya.

Katika wiki hizo haruhusiwi kugusa ukurasa. Kanuni inasema akabidhi simu ya ofisi stoo kuu, na neno la siri aliandike kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, bahasha ipigwe lakiri, na yeye na mtunza stoo watie sahihi juu ya lakiri. Vyote hufungiwa kwenye droo.

"Nilimuuliza mtunza stoo, nani atafungua? Akaniambia, mama, kazi yangu ni kufunga."

Miaka miwili ya kwanza, aliyeandika wakati wa wiki hizo alipata jibu la kujituma lenyewe, maneno mawili matatu yaliyokuja na simu: Ujumbe wako umepokelewa. Shangazi hakuyapenda. Anasema yalikuwa baridi kama sakafu ya hospitali. Safari hii, siku ya mwisho kabla ya kukabidhi simu, alikaa akayaandika mwenyewe. Aliyafuta mara tatu. Mwisho yakasomeka hivi:

"Mwanangu, nimekuona. Huna haja ya kwenda kupanga foleni popote. Kaa hapo hapo, jibu linakuja. Shangazi."

Alimwonyesha Mkuu wa Mawasiliano. Mkuu aliyasoma mara mbili, akasema huo ndio ushirikishwaji wenyewe. Shangazi akauliza kama isingekuwa vizuri kutangaza kwamba kwa wiki mbili hakutakuwa na mtu.

"Tusitangaze," Mkuu alimjibu, kwa mujibu wa Shangazi. "Ukurasa usionekane umelala. Namba zitashuka."

Basi simu ikaingia kwenye droo, lakiri ikakauka, na Shangazi akaenda nyumbani kufua mapazia.

*

Ilikuwa likizo fupi kati ya mihula. Bweni la pili walibaki wachache. Mmoja wao alikuwa kijana wa mwaka wa pili, mwanafunzi wa ujenzi wa barabara, ambaye wenzake walimwita Kipimo kwa kuwa hakuachana na futi yake ya chuma. Alikuwa amepima kitanda chake, mlango, ukumbi wa chakula, na mguu wa kila rafiki aliyekubali kusimama wima. Tangu utotoni aliishi na ugonjwa wa damu wa selimundu. Aliujua kama mtu anavyomjua jirani mkorofi. Maumivu yakianza alijua anywe nini, alale vipi, na lini aende kwa daktari.

Kadi za matibabu hujifunga kila muhula ukiisha na hufunguliwa upya kwa maombi. Zahanati ya chuo haimhudumii mwenye kadi iliyofungwa. Hospitali ya mjini inampokea, ila kwa fedha taslimu. Maombi ya kufunguliwa kadi yalikuwa yakifanywa dirisha namba nne. Sasa ni kwenye ukurasa.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Kipimo aliandika: "Shikamoo Shangazi. Kadi yangu inasoma imefungwa na maumivu yameanza. Naomba unifungulie."

Jibu lilifika papo hapo. Mwanangu, nimekuona. Huna haja ya kwenda kupanga foleni popote. Kaa hapo hapo, jibu linakuja.

"Sawa Shangazi," akaandika. "Nakaa."

Jibu likaja tena, lile lile.

Jumanne: "Leo ni miguu na mgongo. Lakini nipo, usinisahau."

Likaja tena.

Mwenzake wa chumbani, kijana mrefu anayezungumza akitazama viatu vyake, anakumbuka Jumatano.

"Nilimshika mkono nikamwambia, we Kipimo, inuka twende mjini, hela tutaazima. Akanionyesha simu. Akasema Shangazi kaniambia nikae. Na mimi mwenyewe, Shangazi alishanitafutia matokeo yangu yaliyopotea, akayapata kwa nusu saa. Nikasema labda kweli. Nikamchemshia maji."

"Nikasema labda kweli," anarudia.

Siku hiyo hiyo ya Jumatano, saa kumi jioni, Kipimo aliandika: "Shangazi, mwenzangu anataka kunipeleka mjini. Mimi nimemwambia hujawahi kuniangusha. Au niende?"

Au niende. Simu ilikuwa kwenye droo, chini ya lakiri yenye sahihi mbili. Sekunde ile ile likamfikia jibu: Huna haja ya kwenda kupanga foleni popote. Kaa hapo hapo.

Meseji ya mwisho, ya kumi na moja, ni ya Alhamisi asubuhi. Ina neno moja na alama ya kuuliza: "Shangazi?"

Nayo ilijibiwa.

Mwenzake alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Walifika hospitali ya mjini saa sita mchana. Saa nane Kipimo alikuwa ameshafariki. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Jumamosi alizikwa kwao, safari ya saa sita kwa basi kutoka chuoni.

*

Shangazi hakuwa na habari. Wiki mbili zilipotimia, aliitwa, akasaini mkataba mpya, akavunja lakiri na kuwasha simu. Zilikuwepo meseji mia tatu na kumi na mbili. Alianza na za zamani zaidi, kama afanyavyo siku zote, ili aliyengoja muda mrefu ahudumiwe mwanzo.

Kabla ya saa tano alimfikia Kipimo. Alisoma meseji ya kwanza tu. Hakungoja kusoma nyingine. Alishajua tatizo, na alikuwa amechelewa. Akainuka na simu yake, akapanda ngazi, akamsimamia ofisa wa kadi.

"Nina mwanangu humu anaumwa," alimwambia.

Kadi ikafunguliwa kwa dakika sita. Shangazi akashuka akiandika: "Marahaba mwanangu! Samahani sana, sasa nipo. Kadi imefunguka, nenda zahanati hivi hivi ulivyo. Ukitoka huko uniambie."

Jibu lilichelewa kidogo. Lilipofika, halikuwa na salamu.

"Huyu ni mama yake. Mwanangu tulimzika Jumamosi ya juzi. Nimesoma yote humu. Nani aliyemwambia asiende?"

Shangazi anasema alisimama katikati ya ngazi na watu wakawa wanampita kulia na kushoto. Kuna aliyemsalimia. Hakumbuki alimjibu nini. Ndipo akarudi juu ya mazungumzo, akasoma meseji zote kumi na moja, na chini ya kila moja akasoma maneno yake mwenyewe.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Mawasiliano. Mkuu alivua miwani, kisha akamwambia asimjibu mama chochote isipokuwa ukweli.

"Ukweli gani?" Shangazi aliuliza.

"Kwamba ni mfumo. Unajijibu wenyewe."

Na Shangazi, aliyekuwa akiwangoja maofisa nje ya vyoo, alifyata mkia. Aliandika: "Pole sana mama. Yale majibu ni ya mfumo. Unajijibu wenyewe."

Mama akajibu mara moja tu: "Mfumo huo unamwita mwanangu mwanangu?"

Tangu siku hiyo hakuandika tena. Aliandikia chuo barua badala yake. Yeye ni fundi cherehani, mjane, na barua yake ilikuwa na mistari minne. Haikuomba fidia. Iliuliza swali lile lile: nani alimwambia asiende.

*

Ndiyo sababu ya bahasha ya kaki. Karatasi iliyomo inasema: "Mimi mtumishi nathibitisha kuwa maneno yaliyotumwa kwa marehemu yalitoka kwenye mfumo, na hayakuandikwa wala kuidhinishwa na mtumishi yeyote wa chuo."

Chini kuna mstari wa sahihi. Jina lake limeshachapwa, herufi kubwa, bila kosa hata moja.

"Miaka ishirini na mitano na zaidi nimefanya kazi hapa," anasema. "Kila barua jina langu linakosewa. Hii wamelipatia."

Jumatano Mkuu anashuka mwenyewe chini ya ngazi. Anainama, anaingia, anakosa pa kukaa.

"Saini, dada yangu," anasema kwa sauti ya chini. "Hukumuua wewe. Wala mimi. Ni mambo yaliyokutana vibaya."

"Yalikutana wapi, bosi?"

"Unanielewa."

"Nakuelewa sana. Nauliza tu yalikutana wapi, maana mimi nilikuwa nafua mapazia na wewe ulikuwa huko juu."

Mkuu anapangusa paji la uso. "Ukisema uliandika wewe, kamati itakubebesha wewe. Hawatasema habari za droo. Hawatasema habari za mkataba. Watasema kuna mwanamke aliandika maneno, mtoto akafa. Ndivyo itakavyokuwa. Nakutakia mema."

Na si mwongo. Hata Shangazi anasema Mkuu si mwongo. "Ni mtu mzuri aliyekaa mahali pabaya kwa muda mrefu," anasema. "Kama hiki kiti changu."

Nyumbani, mumewe yuko upande wa Mkuu. Amelala chali kwenye mkeka, mgongo haumpi ruhusa ya zaidi ya hapo, na anazungumza na dari.

"Saini tule, mke wangu. Halafu utatubu."

"Nitatubu kwa nani? Kwa mfumo?"

"Utatubu kwa tumbo. Tumbo linasamehe haraka."

"La kwako."

Anacheka mzee, kisha haendelei kucheka. "Dawa zangu zinaisha tarehe tano," anasema. Hilo halikuwa la utani. Shangazi aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

*

Ijumaa saa nne kasoro, anavaa viatu vya kufunga, anaweka simu zote mbili mezani, anatoka. Kamati ni ya watu watano na chupa kumi za maji. Mwenyekiti anamkaribisha kwa upole na kumwomba ile karatasi.

Shangazi anampa bahasha ya kaki. Ndani yake mna karatasi mbili. Ya kwanza ni ile waliyompa, mstari wa sahihi mweupe vile vile. Ya pili ameiandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu.

"Maneno yale niliyaandika mimi," inasema. "Niliyaandika siku ya mwisho kabla ya kukabidhi simu. Mkuu wangu aliyasoma akayapenda. Simu ilikaa kwenye droo siku kumi na nne kwa kanuni ya chuo, na wanafunzi hawakuambiwa. Dirisha la kadi lilikuwa limefungwa. Kijana aliuliza kama aende. Maneno yangu yakamwambia akae."

Mwenyekiti anasoma, anawapitishia wenzake, inarudi.

"Mama, unaelewa maana ya kitu ulichokiandika?"

"Naelewa, mwenyekiti. Sikusaidiwa na mtu."

"Ungeweza kuacha hii sehemu ya droo na dirisha."

"Ningeacha hiyo, mngebaki na mwanamke na maneno yake tu. Ndivyo nilivyoambiwa mnataka."

Anaambiwa angoje nje. Anangoja saa moja na nusu. Anapoitwa tena anaambiwa kwamba chuo kinasikitika, na mkataba wake utasitishwa mwisho wa mwezi. Habari za droo na dirisha, anaambiwa, zitaangaliwa na kikao kingine. Hakutajwa kikao gani.

Gazeti hili lilipotaka maelezo ya chuo, lilielekezwa kuandika kwenye ukurasa, kama tangazo linavyosema. Aliyejibu alikuwa Shangazi. "Ombi lako nimelipeleka juu mwenyewe," aliandika. "Wamesema hawana la kusema. Pole kwa usumbufu."

Zimebaki siku kumi na mbili. Anazifanya zote. Anajibu, anapanda ngazi, anawasimamia maofisa, na kila anapotoka ofisini anabandika juu ya ukurasa tangazo jipya alilolitunga bila kuomba idhini: "Sasa hivi hapa hakuna mtu. Ukiwa mgonjwa, usiandike. Nenda." Mkuu ameliona. Hakuliondoa, na laiki hakubofya.

Atakula nini baadaye? Anasema kuna duka la vifaa vya shule linalotaka mtu wa kupokea simu za wateja, nusu ya mshahara wa sasa, hivyo siku za chakula zitapungua kutoka kumi na nane hadi anazoogopa kuzihesabu. Mumewe hakumlaumu. Siku ya pili baada ya kamati aliomba ainuliwe, akakaa, akaanza kumenya vitunguu akiwa ameegemea ukuta, machozi yakimtoka, akisisitiza kwamba ni vitunguu.

Lakini kuna kazi moja ambayo haimo kwenye mkataba. Jumamosi, Shangazi alipiga picha ile karatasi ya kalamu ya bluu akaituma kwa mama yake Kipimo. Hakuongeza neno. Jumapili ikapita kimya. Jumatatu asubuhi simu iliita. Mama alipiga badala ya kuandika.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, dada."

Upande wa pili cherehani ilikuwa ikinguruma, kisha ikasimama.

"Bora ingekuwa mashine," mama alisema. "Mashine ningeisamehe."

"Njoo Jumapili," mama akaendelea. "Hayo uliyoandika uje uyaseme hapa, mbele ya wadogo zake. Wao wanadhani kaka yao alikuwa anaongea na watu."

Simu ikakatika. Ameshakata tiketi, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mumewe amemuuliza kama anajua atapokelewa vipi. Hajui. Huenda akapewa kiti, huenda akatolewa mlangoni na majirani wakishuhudia. Hajabeba zawadi, kwa kuwa kila alichofikiria kubeba kilimtia aibu.

"Nitamwambia hivi: ni mimi niliyemwambia mwanao akae," anasema, akifunga mlango wa chini ya ngazi. "Na ulipouliza, nilikudanganya. Ni hayo mawili. Tumaini langu ni dogo tu: aniache nifike la pili."